Kipande cha Kiko na Watu Wasioandikwa

Kuna vitu ambavyo mtu hukanyaga akapita bila ya kuinama. Kipande cha kiko cha udongo ni kimojawapo. Ni kijiti cheupe kisichozidi urefu wa kidole, chenye tundu jembamba katikati kutoka ncha hadi ncha. Mtoto akikiona hudhani ni chaki, na fundi wa msingi hukitupa pamoja na kokoto. Lakini katika nchi zilizofikiwa na wakoloni wa Kizungu, kama Marekani ya mashariki, visiwa vya Karibi na pwani ya Afrika Magharibi, wataalamu wa mambo ya kale hukiokota kijiti hicho kama mtu aliyeokota pete. Hukipima, hukiandikia mahali kilipolala na kina chake, kisha hukitia katika mfuko wenye nambari.

Wana sababu. Maoni ya ukurasa huu leo ni kwamba kipande cha namna hiyo huweza kutoa ushahidi wa kweli kuliko daftari la bwana shamba. Na kwamba ushahidi huo hufutika kwa jambo dogo kabisa, mtu kukiokota na kukitia mfukoni.

Kiko, kwa jina, si mgeni Pwani. Wazee wetu walikuwa na neno kwa kila kiungo chake. Bori ni kile kibakuli cha udongo kinachotiwa tumbaku na kaa la moto. Digali ni mrija unaoteremka kutoka kwenye bori mpaka majini. Kiko chenyewe hasa ni kile kifuu cha nazi chenye maji, na shilamu ndiyo inayotiwa mdomoni. Hata ile sauti ya maji mvutaji avutapo ilikuwa na jina lake, malio ya kiko. Watu hawakipi kitu majina matano ila wamekaa nacho sana. Vijana wa leo wamebakiwa na neno kiko peke yake, na mengine yamo njiani kusahauliwa, jambo ambalo ni hasara kwa mshairi atafutaye vina na kwa asiyekuwa mshairi vilevile. Sasa kiko cha Mzungu hakikuwa na maji wala digali. Bori na shilamu zilikuwa kipande kimoja cha udongo mweupe uliochomwa, kwa hivyo katika maelezo yafuatayo tutatumia hayo maneno mawili tu.

Msomaji atakayeuliza hukumu ya tumbaku yenyewe tunamwomba awe na subira. Mjadala huo wanazuoni waliuanza zamani. Sultani Murad wa Nne wa Istanbul aliipiga marufuku tumbaku mwaka 1633, na haikupita karne hiyo ila Sheikh Abd al-Ghani an-Nabulusi wa Damascus aliandika kitabu kuonyesha kwamba ni halali. Nao Wakristo walikuwa na lao, kwani Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alitoa kijitabu cha kuilaani mwaka 1604. Tuwaachie mashekhe fatwa. Sisi hapa twatazama kilichobaki ardhini baada ya wavutaji kufa.

Tumbaku asili yake ni bara la Amerika, na wenyeji wa huko waliivuta kwa viko vyao wenyewe karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Waingereza walipojifunza kuivuta katika karne ya 16 walifinyanga viko vyao kwa udongo mweupe. Fundi aliviringa udongo, akapitisha waya katikati ili kutoboa tundu, akaubana katika kalibu ya vipande viwili, kisha akauchoma tanurini. Kilikuwa kitu rahisi mno, na kilivunjika upesi kuliko kikombe. Aliyevunjikiwa hakuhuzunika. Alikitupa jaani akanunua kingine.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo. Sahani ya kaure huweza kurithiwa na mjukuu, na sarafu huweza kuzunguka miaka mia, lakini kiko cha udongo hununuliwa, huvutwa na hutupwa katika muda mfupi. Kikipatikana jaani, basi jaa lile na kiko kile ni wa wakati mmoja. Fauka ya hayo, umbo lake lilibadilika kila baada ya miaka. Bori za mwanzo zilikuwa ndogo, kwa kuwa tumbaku ilikuwa ghali. Ilipopungua bei nazo zikakua. Mafundi wengine waligonga herufi za majina yao kwenye kisigino cha bori, na anayejua ni nani aliyekuwa na herufi hizo katika mji wa Bristol au London huweza kuutaja mwaka kwa kukisia kidogo sana.

Mwaka 1954 mtaalamu wa Kimarekani, J. C. Harrington, aliyekuwa amechimba mji wa Jamestown huko Virginia, alitangaza jambo ambalo hakuna aliyelitia maanani kabla yake. Alizipima tundu za shilamu kwa kutumia ncha za keekee, zile za kutobolea mbao, akaona kwamba kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo tundu zilivyozidi kuwa nyembamba. Ukiigawanya inchi moja katika sehemu 64, shilamu nyingi za miaka ya 1590 hadi 1620 zilikuwa na tundu la sehemu tisa. Za 1680 hadi 1710 zilikuwa na sehemu sita. Na za nusu ya pili ya karne ya 18 zilikuwa na nne tu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kuwa shilamu zilizidi kurefuka, na kirefu hutaka waya mwembamba. Baadaye Lewis Binford aliitia habari hiyo katika hesabu: twaa wastani wa upana wa tundu, zidisha kwa 38.26, kisha toa jawabu katika 1931.85. Mahali penye wastani wa sita patatoa mwaka 1702. Hesabu hiyo haitaki shilamu moja, yataka nyingi, na kwa viko vya baada ya mwaka 1780 hivi haitegemeki. Pamoja na hayo, tusiidharau keekee ya seremala iliyofanya kazi ya kalenda.

Lakini tarehe peke yake ni kama jeneza tupu. Nani aliyevuta?

Mji huo wa Jamestown ulianzishwa mwaka 1607, na miongoni mwa waliofika mwaka uliofuata alikuwamo mtu mmoja aliyeandikwa kwa kazi ya kutengeneza viko. Katika kisima cha zamani cha ngome yao wachimbaji walikuta vipande vya viko vilivyogongwa majina ya wakubwa wa Uingereza wa siku zile, kama Sir Walter Raleigh na Lord De La Warr. Yaelekea vilikuwa tunu za kuwapelekea wenye nguvu na mali ili wasiusahau mji ule mchanga. Mwaka 1612 mkoloni John Rolfe alianza kupanda tumbaku huko, ikastawi, na koloni zima likageuka kuwa shamba la zao moja. Mwaka 1619 una mambo mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega. Huko Westminster mafundi wa viko walipewa hati ya kifalme ya kuwa chama chenye haki zake. Huko Virginia, katika mwaka uo huo, meli ilishusha Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola, wakabadilishwa kwa vyakula. Mmoja alipata hati na mwingine alipata jembe, na tumbaku ndiyo iliyowafunga pamoja.

Majina ya wakubwa, basi, yapo hata juu ya viko. Ya waliolima tumbaku hayapo. Katika madaftari ya mashamba mtumwa aliandikwa baina ya ng'ombe na majembe, jina la kupachikwa na bei yake. Hata ilipofika karne ya 19 hali haikuwa njema zaidi. Sensa ya Marekani ya mwaka 1850, na ile ya 1860, ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la mwenyewe bwana, nao kwa kawaida hawakuandikwa majina: umri, mume au mke, na rangi. Kabila lake, mji aliotoka, lugha ya mama yake, hayo karani hakuwa na safu ya kuyajaza.

Twende Barbados, kisiwa kilichotawaliwa na Waingereza na kulimwa miwa kwa mikono ya Waafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jerome Handler na Frederick Lange walichimba makaburi ya watumwa wa shamba liitwalo Newton, wakakuta mabaki ya watu zaidi ya mia moja. Wengi walizikwa bila ya kitu chochote. Wengine walikuwa na viko vyeupe vya Kiingereza, na baadhi ya meno yalikuwa yamelika kwa kuumia shilamu miaka na miaka, hata ukiyakutanisha ya juu na ya chini hubaki kitobo cha mviringo baina yao.

Kaburi moja lilikuwa mbali na mengine kwa hali yake. Alilala humo mwanamume mtu mzima aliyekufa mwishoni mwa karne ya 17 au mwanzoni mwa karne ya 18. Alikuwa na bangili na pete za madini, kisu, na kidani kilichotungwa kwa kauri, chonge za mbwa, pingili za uti wa samaki na ushanga, na pamoja navyo chembe moja kubwa ya akiki nyekundu. Kando yake palikuwa na kiko, nacho hakikuwa cheupe wala cha Uingereza. Kilikuwa cha udongo mwekundu, chenye shilamu fupi iliyopinda kama kiwiko, cha namna ile inayochomekwa mwanzi ndipo ivutwe. Viko vya mfano huo ni vya Afrika Magharibi, na Handler aliona kwamba hicho yamkini kilitoka pwani ya Ghana ya leo. Alimhesabu mtu yule kuwa mganga aliyeheshimiwa na wenziwe.

Mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki hapa hana budi kusimama kidogo. Akiki ile yaaminiwa asili yake ni Bara Hindi, nchi ile ile ambako majahazi yetu yalikwenda kwa pepo za kaskazi na kusi kuleta akiki za pete na shanga. Kauri nazo ni mali ya Bahari ya Hindi, na kutoka Maldivu zilisafirishwa kwa shehena hadi Afrika Magharibi zikawa fedha ya kununulia watu. Vitu vya bahari yetu vilivuka bara na bahari nyingine vikafika kifuani mwa mtumwa kule ambako jua huchwea. Hakuna daftari la shamba la Newton lililoandika safari hiyo.

Hata hivyo jambo moja hatuwezi kulipita kimya, na msomaji wetu bila ya shaka amekwisha kuuliza moyoni. Kaburi lilifukuliwa. Sisi hatumziki maiti na mali, wala hatuamini kwamba mifupa ya mtu ni kitu cha kuwekwa rafuni kwa kuwa hana jamaa wa kumtetea. Waliozikwa Newton walinyimwa ruhusa walipokuwa hai, na kaburini hakuna aliyewataka ruhusa tena. Elimu iliyopatikana ni kubwa, nasi tumeitumia katika makala haya haya. Lakini ukubwa wake hauifuti haki ya maiti. Kama pana njia ya kupata elimu hiyo bila ya kugusa mfupa, basi njia hiyo ndiyo bora.

Na njia imepatikana, na aliyeileta ni kile kijiti cheupe.

Katika Maryland, jimbo linalopakana na Virginia, karibu na mji wa Annapolis, pana shamba la kale liitwalo Belvoir. Julie Schablitsky, mtaalamu wa mambo ya kale wa idara ya barabara ya jimbo hilo, alichimba pamoja na wenzake mahali palipokuwa na makao ya watumwa, na katika vitu walivyovipata vilikuwamo vipande vya shilamu za viko. Udongo wa kiko haukupakwa kitu cha kuuziba, kwa hivyo hunywa mate ya mvutaji kama mtungi unavyokunywa maji. Wahenga walisema chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Wataalamu hao walizitwanga chembe za shilamu wakatafuta humo vinasaba, yaani ile DNA ambayo kila mwanadamu huirithi kwa wazazi wake, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba katika kipande kimoja walizikuta. Zilikuwa za mwanamke. Alipolinganishwa na watu wa nchi mbalimbali, walio karibu naye zaidi walikuwa Wamende wa Sierra Leone.

Tulitafakari jambo hilo. Mwanamke aliyewekwa utumwani yapata miaka 200 iliyopita alivuta kiko chake baada ya kazi, au katikati ya kazi, kikavunjika, akakitupa. Hajui kusoma, na lau angejua pia asingepewa daftari. Karani wa bwana wake aliandika watu kwa bei. Kile alichokitupa ndicho kilichotunza habari iliyokatazwa kuandikwa: kwamba alikuwa mwanamke, na watu wake walikuwa wakina nani. Jina lake hakikulitunza. Kiko hakiwezi kila kitu.

Yafaa pia tuonye upande wa pili, kwa kuwa mapenzi ya asili humfanya mtu amvike maiti kanzu isiyo yake. Katika Virginia na Maryland hiyo hiyo hupatikana viko vingine vya karne ya 17, vya udongo wa huko huko, rangi ya kahawia au nyekundu, vilivyonakshiwa kwa vitone vya nyota na paa na kujazwa weupe. Mwaka 1988 Matthew Emerson alitoa hoja kwamba nakshi hizo zafanana na za Afrika Magharibi, kwa hivyo mikono ya Waafrika ilikuwamo. Wengi walifurahi, na furaha hiyo twaielewa. Lakini wenzake, akiwamo Daniel Mouer, walijibu katika mwaka 1999 kwamba wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wakifinyanga na kunakshi viko vya namna hiyo tangu kabla, na kwamba kufanana kwa vitone si nasaba. Rai yetu ni kwamba wa pili wana haki ya kusikizwa zaidi. Wenyeji wa asili nao walinyang'anywa ardhi, na si vyema kuwanyang'anya viko pia ili kumridhisha aliyenyang'anywa mwengine. Inawezekana sana kwamba katika kibanda kimoja walikaa mwenyeji, Mwafrika na Mwingereza mwenye kandarasi ya kazi, wakavuta viko vya fundi mmoja. Aliyevuta na aliyefinyanga si lazima wawe mtu mmoja, na kwa wingi wa mapenzi tu hatuwezi kuwafanya mmoja.

Elimu yote hii, ya Barbados na Maryland na Virginia, yategemea neno dogo: mahali. Shilamu ya Belvoir ilipatikana kwenye makao ya watumwa, ndiyo maana ikamhusu mtumwa. Lau mtu angeiokota akaiweka juu ya meza yake, vinasaba vingekuwa vya vidole vyake, na mahali pangekuwa pamepotea. Huko Uingereza na Marekani vipande vya viko huuzwa kwa fedha kidogo katika maduka ya vitu vya zamani, huku vimeoshwa na kung'arishwa. Hivyo ni vizuri kwa kutazamwa. Habari haina tena.

Na huku kwetu? Merikebu ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya Ngome ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome, na baina ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichunguza kwa utaratibu wa kuandika mahali pa kila kitu kabla ya kukipandisha juu. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wenye vyombo na fedha. Lakini ardhi ya Mji wa Kale wa Mombasa, ya Lamu, ya Pate, ya Siyu na ya Malindi imejaa majaa ya karne na karne, na wanaoifungua kila siku ni wachimbaji wa misingi, wa visima na wa vyoo. Anayekuta humo bori ya kiko, kigae cha kaure au ushanga aghalabu hufanya moja katika mambo mawili: hukitupa pamoja na kifusi, au humuuzia mgeni apitaye. Katika hali zote mbili aliyekitumia kitu kile hufa mara ya pili.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 yamtaka aliyegundua kitu cha kale aijulishe Makavazi ya Kitaifa. Wenye majumba wengi huiogopa sheria hiyo, kwani hudhani watasimamishiwa ujenzi wao, na woga huo haukosi sababu: ofisi zetu si maarufu kwa wepesi. Basi Makavazi nao wana deni. Watume watu mitaani wawafunze mafundi wa ujenzi jinsi ya kukiacha kitu mahali pake hata kitazamwe, waahidi siku maalumu za kuja kutazama, na waitimize ahadi hiyo ili mwenye nyumba asikae na shimo wazi mwezi mzima. Mwenye shamba au kiwanja naye asingoje kutumiwa mtu. Milango iko Fort Jesus kwa walio Mombasa, na kwenye jumba la makumbusho la Lamu kwa walio visiwani. Apige picha kitu kikiwa bado kimelala, apime kina chake kwa futi yake ya ujenzi, aandike tarehe, ndipo aende kubisha.